Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Ogari

Siku ya kwanza kupanda tena baiskeli, baada ya kuugua miezi kumi na minne, Ogari alifika juu ya mlima bila kuhema. Mlima huo wa kupeleka majani chai kituoni, nje kidogo ya Itumbe, ulikuwa ukimtoa jasho hata enzi za uzima wake, alipokuwa akibeba magunia mawili kwenye keria na kuwapita vijana huku akiwacheka. Leo mtu aliyetoka hospitali na mkongojo, miguu imekufa ganzi hadi vifundoni, alikuwa amepanda kana kwamba anateremka. Akagusa kifua chake. Moyo ulipiga polepole, kama wa mtu aliyelala. Aliingoja furaha, haikuja.

Mkewe Nyanchera, aliyemfuata kwa miguu akiomba Mungu asianguke, alifika akitweta, akapiga vigelegele.

"Baba Mokeira! Bono, sasa umepona kabisa!"

"Nimepona," alisema Ogari, maana ndilo jibu lililotakiwa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kule wodini kulikuwa na wagonjwa wawili wa jina moja, na yule mwingine alipofariki, simu ya msiba ikapigwa kwa kina Ogari. Jioni hiyo hema likasimama; kesho yake kaburi likachimbwa kando ya migomba. Lilikaa wazi siku mbili, mvua ikiingia, hadi Onyiego, kaka yake mkubwa, alipokwenda kuchukua maiti akamkuta mdogo wake anakunywa uji.

Sasa, kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, lisije likadai mtu. Hukatwa shina la mgomba likazikwa humo, watu wakarudi makwao bila maneno mengi. Lakini Onyiego ni mzee wa kanisa la Sabato, na umpe mzee wa kanisa umati uliokaa kwenye viti, uone kama atanyamaza! Aliuvisha mgomba koti la Ogari, akaomba, akalitaja jina zima, Ogari mwana wa Makori, akauambia upumzike. Watu walianza kwa kucheka. Wimbo ulipofika ubeti wa pili Nyanchera alikuwa analia kwelikweli, na wengine wakamfuata.

Ogari aliyasikia hayo yote aliporudi, akayaona ya kuchekesha kidogo. Akaendelea kupanda baiskeli kila siku, mbali zaidi, mpaka Kenyenya na kurudi. Wiki ya pili ikaja harufu: udongo mbichi na utomvu wa mgomba, ikimfuata nyuma ya shingo hata jua likiwaka. Keria ilikuwa tupu, lakini ililia kama imebeba mtu.

Sabato moja alasiri alijinyoosha kitandani baada ya chakula. Nyanchera aliingia kuchukua leso, akasikia shuka likisuguana, shwa, shwa, shwa, bila kupumzika, akadhani ni panya, akalifunua, akaiona miguu ya mumewe ikizunguka taratibu kama iliyo kwenye pedeli, hali mwenyewe macho yako darini na uso umetulia, na katikati ya vidole, vilivyooshwa asubuhi kwa ajili ya kanisa, tope jekundu lilikuwa bichi, bado linadondoka.

"Baba Mokeira," alinong'ona, "simamisha miguu."

"Miguu gani?"

"Yako. Iko inaenda."

Ogari akatazama. Alipaswa kuogopa, naye alijua hivyo, lakini hofu ilimpitia kwa mbali, kama habari za watu wengine. "Usiambie Onyiego," alisema. "Ngoja kwanza."

"Ningoje nini?"

"Nikikaa tu nyumbani mimi ni mgonjwa. Kwa baiskeli mimi ni mtu. Ngoja."

Nyanchera alingoja wiki tatu. Ganzi ikapanda magotini, kiunoni, kifuani. Siku Ogari alipojimwagia chai ya moto mapajani, akaendelea kuongea habari za mvua, Nyanchera alitoka mbio hadi kwa Onyiego.

Onyiego aliona aibu, lakini alikwenda. Alimleta Maalim Abdirahim, muuza vipuri vya baiskeli mjini Kisii, ambaye Waislamu wa huko humwita awasomee watu wenye majini. Walikusanyika penye kaburi mchana, ukungu umeshuka hadi kwenye majani chai. Maalim alisoma kwa muda mrefu. Upepo haukuwepo, lakini migomba ilitikisika yote.

"Shimo lililokaa wazi lilipata mpangaji," alisema kwa sauti ya chini. "Angetulia tu. Nyinyi mkampa nguo, mkampa jina, mkamlilia."

"Mimi niliomba tu," Onyiego alinong'ona. "Nilijua hiyo ni mti."

Maalim akamgeukia Ogari. "Miguu inayopanda milima si yako. Jini akitoka, itabaki kama ugonjwa ulivyoiacha, na huenda usipande baiskeli tena. Nitamuuliza mwenye mwili mara tatu. Atoke au abaki?"

Nyanchera alikuwa ameshika mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili. Ogari aliviona vidole vya mkewe vikiminya mpaka vikapauka, wala hakuvisikia. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, akatamani kitu kwa moyo wake wote: kuusikia mkono ule, hata kama ni kwa kukaa kitini mlangoni mpaka uzeeni. Akasema atoke.

"Abaki," kilisema kinywa chake.

Sauti ilikuwa yake, tulivu. Ganzi ilikuwa imeshavuka midomo, naye hakujua ni lini.

"Atoke au abaki?"

"Abaki."

"Mara ya mwisho, ndugu yangu. Atoke au abaki?"

"Abaki. Nataka baiskeli yangu."

Maalim alifunga kitabu. "Mwenye nyumba amemkaribisha," alisema. "Mimi sina la kufanya."

"Yaya, hapana," alisema Nyanchera polepole. "Kumbe ni baiskeli unapenda hivyo. Kuliko sisi."

Ogari alipiga kelele ndani kwa ndani, akaliita jina la mkewe, akaapa, lakini midomo ilibaki imefumba. Nyanchera akauachia mkono wake, naye hakujua mpaka alipomwona mkewe ameshafika mlangoni mwa nyumba.