Mbwa Aliyekatazwa Kunguruma

Mado wa komini iitwayo Kenya, mtaa wa mji wa migodi, alikuwa na imani moja: wanaokula sahani moja hawagombani. Watoto wake wanne walikua kwa sahani moja ya bukari, ugali wa kwao. Basi mumewe, Chisanga, alipoleta mbwa wa pili, Rambo, Mado alimwekea chakula katika beseni moja na mbwa wa kwanza, mzee Kapita.

Kapita akanguruma. Mado akamchapa mwiko.

"Rambo njo ndugu yako! Choyo ya nini?"

Siku ya nne Kapita alinyamaza. Mado akajisifu kwa majirani.

Jumapili, baada ya ibada, alimwaga mifupa kwenye beseni. Kapita akamrukia Rambo shingoni, bila mlio wowote. Damu! Mado aliruka, akaingiza mkono katikati. Meno yakamshika kiganja.

"Yo! Kapita! Njo miye!"

Papa Numbi, jirani aliyechunga mbwa wa ulinzi mgodini miaka kumi, alipiga kelele ng'ambo ya ukuta. "Mama, toa mukono! Mubamwangie maji!"

Graciella, binti wa Mado, akamwaga ndoo nzima. Mbwa wakaachana, wakafungwa kila mmoja pake. Papa Numbi alikuja mbio, akauosha mkono wa Mado kwa sabuni na maji ya kutiririka, robo saa kamili.

"Sasa muende centre ya afya, leo leo. Vaccin ya rage, bugonjwa ya kichaa ya mbwa, haingojake kesho."

"Huyu mbwa atoke!" Chisanga alifoka.

"Hapana, Ba Chisanga. Siku kumi afungwe, tumuangalie kama iko mugonjwa."

Mado alilia. Miaka saba Kapita alilala mlangoni pake. "Lakini hakunguruma hata kidogo!"

"Atangurumaje, Mama? Mulimukataza. Kunguruma ni kusema: sogea. Mulimupiga mpaka akaogopa kusema. Akabakia na meno tu. Kila mbwa akule na beseni yake, fasi yake. Akinguruma, musipige. Muite ule mwingine pembeni."

Kumbe Mado mwenyewe ndiye aliyemfunga mdomo! Aibu ilimuuma kuliko kidonda.

"Mumupatie mwezi moja," alimwomba mumewe. Chisanga akakubali shingo upande.

Siku kumi zikapita, Kapita mzima. Mbwa wote wawili wakachanjwa. Mado akamaliza sindano zake. Beseni moja likawa jikoni, jingine nyuma ya nyumba.

Asubuhi moja Rambo alisogelea mfupa wa Kapita. Kapita akanguruma.

Wote waligeuka, Chisanga naye. Mado alikuwa na mwiko mkononi. Akauweka chini polepole.

"Rambo, kuya huku."

Rambo akaja. Kapita akaendelea kutafuna.

"Asante, Kapita," Mado alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimekusikia."

Mwezi ulikuwa haujaisha, lakini Chisanga alisema, "Abakie."