Neno Moja, Msumari Mmoja

Mzee Funguo alikuwa fundi wa makufuli. Kibanda chake kilikuwa mbele ya chumba chake. Asubuhi alifungua mlango mmoja, akafika kazini. Jioni aliufunga, akafika nyumbani. Nauli hakuijua.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Mkewe alifariki mwaka juzi. Mwanawe wa pekee alihamia nchi ya mbali, akaoa huko, akapata binti. Mzee alipika chakula chake mwenyewe, lakini mkono ulikuwa umezoea kupimia wawili. Kila siku kilibaki. Wakati mwingine aliongea na makufuli. "Wewe una kiburi," aliliambia kufuli lililokataa kufunguka. Halikumjibu.

Siku yake ilikuwa Jumapili. Mwanawe alipiga simu, wakaongea kidogo, kisha akampa mtoto. Mjukuu huyo alijua Kiingereza tu. Mzee alijua Kiswahili tu. Walisema "Halo", wakacheka, basi.

Mzee akaamua kujifunza. Alinunua kamusi ndogo. Akachukua ubao wake wa kutundikia funguo, wenye misumari mingi. Kila msumari ufunguo mmoja, kila ufunguo mlango mmoja. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Basi akakata vikaratasi vya kutundika, kimoja kila msumari. Mbele aliandika neno la Kiingereza. Nyuma aliandika maana ya kwanza aliyoiona kwenye kamusi. Maana nyingine aliziona ni fujo. Alipenda zaidi maneno mafupi. "Neno fupi halina makuu," alijisemea. Hapo ndipo alipopotea.

Jumapili moja mjukuu alikuja kwenye simu na sauti ndogo. Alisema maneno mengi. Mzee alinasa moja, "left". Hilo lilikuwa ubaoni, maana yake kushoto. Msumari wa pembeni ulikuwa na "right", maana yake kulia. Akajibu kwa furaha, "Good. Left. And right?"

Mwanawe akachukua simu.

"Baba, anakwambia rafiki yake ameondoka, wamehama. Alikuwa na huyo mmoja tu shuleni. Sasa anakaa peke yake."

Mzee aliona aibu kubwa. Mtoto kamletea huzuni, yeye kamwelekeza njia kama mtu anayetafuta soko. Jumapili iliyofuata simu iliita. Aliitazama mpaka ikanyamaza. Iliyofuata pia. Akamwandikia mwanawe, "Nina kazi nyingi." Hakuwa na kazi yoyote. Alikuwa amekaa kitandani, analia.

Alasiri moja jirani yake alikuja kibandani. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, akifundisha watu wazima jioni.

"Shikamoo, Mzee. Mlango wangu umegoma."

"Marahaba, mwanangu. Mlango gani, wa chumba au wa stoo? Ufunguo unaingia hauzunguki, au hauingii kabisa?"

"Wa chumba. Unaingia, hauzunguki."

Mzee alipokuwa akitafuta mafuta, mwalimu aliuona ubao. "Na hizi funguo za karatasi, Mzee, zinafungua wapi?"

"Hazifungui popote," Mzee alisema. Akamweleza yote. "Nimezeeka. Kiingereza kimenikataa."

"Hakijakukataa. Umekitundika vibaya." Mwalimu alishika kikaratasi cha "left". "Umeandika kushoto. Ni kweli. Lakini mtu akiondoka, neno ni hilohilo. Na chakula kikibaki sufuriani, neno ni hilohilo."

"Cha sufuriani nakijua sana. Yaani neno moja lina kazi tatu? Halichoki?"

"Mbona letu halichoki? Tunasema mkono wa kulia. Tunasema mtoto anaanza kulia. Tunasema meza ya kulia chakula. Umewahi kuchanganya?"

"Nitachanganyaje? Mkono ni mkono, mtoto ni mtoto, meza ni meza."

"Umesema mwenyewe. Maneno ya jirani ndiyo yanayokuonyesha maana. Na maneno mafupi ndiyo yenye utundu zaidi. Mengine yanafanana kama mapacha. 'Of' na 'off' zimepishana herufi moja, lakini kazi zao ni tofauti kabisa."

Mzee alikuna kichwa. "Sasa nikariri maana zote?"

"Hapana. Usiliweke neno peke yake. Andika sentensi nzima. Na ukikwama, fanya kama ulivyofanya sasa hivi. Nimekuja na mlango uliogoma. Ulikimbilia nyundo?"

"Nilikuuliza ni mlango gani."

"Basi na mjukuu wako muulize."

"Ataniona mjinga."

"Kuuliza si ujinga, Mzee. Samahani, lakini kunyamaza ndiko kunakomuumiza. Rafiki ameondoka, na babu hapokei simu."

Mzee alichukua mafuta, akaenda na mwalimu kuurekebisha mlango. Waliporudi, waliteremsha vikaratasi. Waliandika sentensi tatu za "left": rafiki ameondoka, pinda kushoto, chakula kimebaki. Wakazitundika zote pamoja, kama funguo za nyumba moja. Tangu siku hiyo mwalimu alipitia kibandani kila jioni kabla ya darasa lake. Walisoma sentensi chache, na kile chakula cha mtu wa pili kikapata mlaji.

Jumapili ilipofika, Mzee hakusubiri. Alipiga simu mwenyewe.

"Your friend left," alimwambia mjukuu. Rafiki yako aliondoka. "I am sorry. Tell me." Pole. Niambie.

Maneno ya mtoto yakamwagika. Mzee alimzuia kwa upole, akamwomba arudie polepole. Akarudia. Mzee akauliza tena, ni nani, ni wapi, ni lini. Hakuelewa yote, lakini aliuliza kila alipokwama, na mtoto alieleza kwa njia nyingine. Mwishoni mtoto naye akamuuliza kama anaishi peke yake. Mzee aliielewa sentensi hiyo yote.

"Yes," alisema. "Alone."

"Me too," mtoto alisema. Mimi pia.

Walibaki hivyo, simu sikioni, na hakuna aliyeikata.

Sasa mtoto hupiga hata katikati ya wiki. Kila mara Mzee humfundisha sentensi moja ya Kiswahili, nzima, si neno tupu. Majuzi mwanawe alitaka simu yake, ana haraka ya kwenda kazini. Mzee alimsikia akiiomba mara mbili. Kisha akasikia sauti ndogo ikimjibu baba yake kwa Kiswahili.

"Ngoja kwanza, Baba. Babu anauliza."