Zélie na Waya wa Cheche

Kila Jumamosi, kabla ya kunywa kahawa, Zélie Courtault alimpima mama yake uzito. Walitumia mizani ya kupimia magunia ya ngano, iliyokaa penye mlango wa ghala. Mama Honorine alivua viatu vyake vya mbao, akapanda juu ya ubao, akasimama wima kama askari. Zélie alisogeza jiwe la mizani, akasoma namba, kisha akaiandika mlangoni kwa chaki. Jumamosi hiyo ya Septemba, mwaka 1909, aliandika hamsini na mbili.

"Vizuri," alisema mama. "Basi leo nitakula jibini bila kumwogopa baba yako."

Baba yake, Firmin, alikuwa fundi wa mashine za kupura ngano katika kijiji cha Villebranche. Kwa miaka minne alikuwa akiunda mashine ya kuruka. Mabawa yalikuwa ya mbao nyepesi zilizovishwa kitambaa, na injini aliitengeneza mwenyewe, kipande kwa kipande. Ilikuwa na kasoro moja tu: haikuwa na nguvu ya kumwinua Firmin, mtu wa kilo tisini na tano. Kila alipojaribu, mashine ilikimbia shambani ikirukaruka kama kuku anayefukuzwa, lakini haikuiacha ardhi. Ndipo siku moja mezani mama akasema kwamba mabawa ameyashona yeye, na uzito wake ni kama nusu ya ule wa mumewe, kwa hiyo kiti kile ni chake.

Kijiji kizima kilisema mengi. Wanawake waliofua nguo mtoni walisema Firmin anamtuma mkewe akafe kwa niaba yake. Shuleni watoto walimuuliza Zélie kama mama yake ameshaanza kutaga mayai. Zélie hakujali sana maneno hayo. Lililomnyima raha lilikuwa jambo jingine. Mwezi wa Juni, mama aliporuka kwa mara ya kwanza, kimo cha meza tu, gurudumu lilivunjika wakati wa kutua. Mama aliinuka akicheka, lakini alikuwa ameuma ulimi, na damu ilikuwa imechirizika mpaka kwenye ukosi wa blauzi yake. Tangu siku hiyo, kila Zélie aliposikia injini ikinguruma, alikumbuka damu ile.

Na leo haikuwa kimo cha meza. Leo mama alipanga kupanda juu kuliko miti, azunguke shamba lote la jirani yao, ambalo ngano yake ilikuwa imeshavunwa, na kurudi palepale alipoanzia. Hakuna mtu wa eneo lile aliyewahi kufanya hivyo.

Mchana, watu wazima walipoketi kula supu, Zélie aliomba ruhusa ya kwenda kuwapa kuku maji. Hakwenda kwa kuku. Aliingia kwenye banda la mashine.

Alijua vizuri alichokuwa akitafuta. Aliyemfundisha ni Mzee Mathurin, mfua chuma wa kijiji, aliyekuwa na umri wa miaka sitini na minane na ambaye ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa baba. Kila asubuhi Mathurin aliizunguka mashine akigusa nati moja baada ya nyingine, akizitaja kwa sauti kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi. Alipofika kwenye injini alimwonyesha Zélie waya mmoja, akamwambia kwamba huo ndio unaopeleka cheche. Ukiachia, alisema, injini yote inakuwa chuma kizito tu.

Zélie alichukua spana, akailegeza nati iliyoshika waya huo. Hakuitoa. Aliizungusha mara mbili tu, ili mtu akitazama asione tofauti. Aliwaza hivi: wataizungusha rafadha, lile panga la mbao la puani, injini haitawaka, watajaribu mpaka wachoke, na jioni mama atakuwa jikoni akimenya viazi. Ilikuwa hila ndogo, isiyomdhuru mtu. Alirudisha spana mahali pake, akaenda kuwapa kuku maji kweli.

Saa tisa waliisukuma mashine mpaka shambani. Mama alijifunga sketi kwa kamba kwenye vifundo vya miguu, akafunga kitambaa kichwani, akakaa. Zélie alisimama kando ya bawa akisubiri ukimya aliouandaa. Baba alishika rafadha, akaivuta chini kwa nguvu zake zote.

Injini ikawaka mara moja.

Waya ulikuwa bado unagusa. Nati ilikuwa imelegea, lakini waya haukuwa umetoka mahali pake. Zélie aliutazama kupitia moshi, akaona unavyotetemeka pamoja na injini, na hapo ndipo alipoelewa alichokifanya. Usipoachia sasa, utaachia baadaye. Utaachia juu.

Alifungua mdomo. Alitaka kusema, Mama, shuka. Lakini kusema hivyo kulimaanisha kusema na mengine, mbele ya baba, mbele ya Mathurin, mbele ya wanakijiji thelathini waliosimama penye uzio wa shamba. Alijiambia kwamba utaachia wakati mashine bado inakimbia chini. Lazima utaachia. Akahesabu moja, mbili, tatu. Mama aliinua mkono, Mathurin, aliyekuwa ameushika mkia, akauachia, na mashine ikaondoka.

Ilikimbia, ikawa nyepesi, ikaacha ardhi. Mashine ilipanda mpaka juu ya miti, ikaegemea upande mmoja na kuanza kuzunguka, na jua likapenya kwenye kitambaa cha mabawa mpaka mbao zake zikaonekana kama mifupa ya samaki. Baba alikuwa akilia bila kujificha. Zélie alikuwa amekimbilia kwenye uzio, ameushika kwa mikono miwili. Aliisikiliza injini kama mtu anayesikiliza pumzi za mgonjwa.

Injini ikakohoa. Ikanguruma tena, ikakohoa mara ya pili, halafu ikanyamaza kabisa.

Kilichosikika baada ya hapo ni upepo tu ukipita kwenye nyaya za mabawa. Mashine iliinamisha pua. Mama aliiinua kidogo, ikayumba, ikaikosa miti kwa kiasi cha mkono mmoja, ikashuka upande wa pili wa shamba na kujikita kwenye mtaro. Mkia ulisimama juu, kisha mashine yote ikapinduka polepole.

Zélie hakukumbuka jinsi alivyofika. Alikumbuka tu vumbi, harufu ya petroli, na sauti yake mwenyewe ikisema mama, mama, mama. Baba alikuwa ameshapasua kitambaa kwa kisu. Walimtoa mama uso wake ukiwa mweusi kwa mafuta, mkono wa kushoto umevunjika, lakini macho yako wazi. Alimwona Zélie, akamwambia asilie, mkono ni mkono tu.

Mathurin ndiye aliyeikagua injini. Alipiga magoti mtaroni, akapapasa kwa vidole, na vidole vyake vikasimama. Nati haikuwepo. Waya ulikuwa unaning'inia.

"Ni mimi," alisema. "Niliigusa asubuhi. Nilidhani nimeikaza."

Baba alimwambia kwamba nati yoyote huweza kuachia. Mathurin alitikisa kichwa. Alisema nati iliyokazwa vizuri haiachii, ila macho yake yamekwisha na vidole vyake vimekwisha, na karibu amuue Honorine. Alisema hayo kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu. Zélie alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yakagoma kutoka.

Jumapili Mathurin hakuonekana. Jumatatu asubuhi spana zake zote zilikutwa mlangoni pa banda la mashine, zimefungwa kwenye kitambaa. Mwanamke wa duka la mkate alisema mzee amekataa hata kumpigilia viatu vya chuma farasi wa daktari. Ameketi tu ndani, tanuru halina moto.

Zélie hakuweza kula. Kila lilipotajwa jina la Mathurin, aliondoka mezani. Aliogopa baba asimtazame tena. Aliogopa watoto wa shule, ambao sasa wangekuwa na la kusema kweli. Zaidi ya yote aliogopa uso wa mama akijua kwamba aliyemwangusha ni mtoto wake. Alijaribu kujiambia kwamba mama yuko hai, basi yamekwisha. Lakini hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa yameketi nyumbani kwa Mathurin, kando ya tanuru lililozimika.

Jumatatu hiyo alasiri mama alikuwa dirishani, mkono umefungwa kwa vibao, akijaribu kushona kwa mkono mmoja. Alimwomba Zélie amtungie uzi. Zélie alijaribu mara nne. Kila mara uzi ulilikosa tundu la sindano.

"Una nini, mwanangu? Siku ya tatu leo unatembea kama kivuli."

"Mama, nati ile niliilegeza mimi."

Ikatoka hivyo, bila utangulizi. Na baada ya hilo yote yakafuata, spana, kuku, na hesabu ya moja mbili tatu. Mama hakumkatiza. Aliweka kitambaa chini. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Niliogopa utakufa."

Mama alifumba macho. Kisha akasimama, akajitupia shali mabegani kwa mkono mmoja, akasema kwamba Firmin ataambiwa jioni, lakini kuna mtu mwingine ambaye hawezi kungoja jioni.

Walimkuta Mathurin kwenye kiti kando ya tanuru baridi. Alijaribu kusimama alipomwona Honorine, akaanza tena kuomba msamaha. Mama alimzuia, akamsogeza Zélie mbele. Zélie alisema yote kwa mara ya pili, na mara hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu alimwona mzee akibadilika usoni anaposikia.

Mathurin hakumwambia kwamba si kitu. Aliinyoosha mikono yake mikubwa yenye makovu ya moto, akaigeuza huku na huku.

"Siku mbili hizi nimekuwa nikiiogopa mikono yangu," alisema. "Usiku wa jana nilishindwa kushika kijiko. Unajua hilo, binti? Miaka hamsini mikono hii inanilisha, na wewe ukakaa kimya ukaniacha niitupe."

Zélie alilia. Mzee alimwacha alie. Alikuwa amekasirika, na hakuficha. Mwishowe alimpa kipande cha kitambaa, cheusi kwa masizi, ajifute pua.

Baba alipoambiwa jioni hakupiga kelele. Alitoka nje akatembea shambani, akarudi macho mekundu, akasema tu kwamba kuanzia kesho Zélie atasaidia kazi ya kuunda upya bawa lililovunjika, kila siku mpaka litakapokwisha. Ikawa hivyo. Wiki tano Zélie alipiga msasa mbao mpaka viganja vikaota malengelenge. Mathurin, aliyekuwa amezichukua tena spana zake, alifanya kazi meza ya pili. Wiki ya kwanza hakumsemesha. Wiki ya pili alimwambia apige msasa kufuata mistari ya mbao. Wiki ya tatu alimwomba ampe spana.

Mashine ilipokuwa tayari, ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, na mkono wa mama ulikuwa umepona. Kabla hajapanda, Zélie alimfuata. Safari hii alisema mapema.

"Mama, naogopa. Na upepo huu wa pembeni siupendi."

Mama hakucheka. Alilowesha kidole, akakiinua, akawaambia wanaume wasubiri. Walikaa kwenye nyasi karibu saa nzima mpaka upepo ulipotulia. Hapo ndipo mama alipomvuta Zélie karibu, mbele ya wote.

"Nisikilize," alisema. "Mimi nami naogopa, kila ninapokaa kwenye kiti kile. Woga si kosa, wala hakuna atakayekuadhibu kwa woga. Ndio unaonifanya niulize: nati hii imekazwa? Waya huu umeshika? Mathurin anajibu, baba yako anajibu, na mimi napaa kwa sababu nimewaamini. Kule juu sina kingine cha kushikilia. Siku ile ungesema tu unaogopa, tungeketi tukazungumza. Uliponyamaza, ulimvunja Mathurin na karibu univunje mimi. Basi ukiogopa, sema. Ukikosea, sema upesi, hata kama sauti inatetemeka."

"Ndiyo, mama."

Mathurin aliizunguka mashine akigusa nati moja moja. Alipofika kwenye waya wa cheche alisimama, akamwita Zélie, akamwambia aweke kidole juu ya nati na ajaribu kuitikisa. Haikutikisika. Alimtaka aseme kwa sauti, ili rubani asikie.

"Imekazwa," alisema Zélie.

Mama alikubali kwa kichwa. Baba akaivuta rafadha. Mashine ilipanda, ikazunguka shamba lote juu ya miti, ikatua palepale ilipoanzia, na wakati wote huo Zélie aliogopa, ameshikwa mkono na mzee ambaye naye aliogopa.