Panzi Amtega Mpimaji

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Panzi alikuwa wa kwanza kufika kwenye shimo la mchanga nyuma ya madarasa. Aliulainisha mchanga kwa reki, kisha akaruka mara tatu. Kwenye daftari la mahudhurio alikuwa na jina jingine, lakini tangu aruke mita nne na nusu, hata walimu walimwita Panzi.

Wiki mbili sasa aliruka mara moja tu, kisha akaketi na kujifanya anafunga kamba za viatu. Kifundo cha mguu wa kushoto, mguu wake wa kurukia, kilikuwa kinawaka moto. Hakumwambia mtu. Mashindano yalikuwa Jumamosi, na shule ilipeleka mrukaji mmoja tu.

Jumanne mwalimu wa michezo akatangaza kwamba wanariadha wote watapimwa vifundo kwa ultrasaundi, mashine inayoonyesha picha za ndani ya mwili.

"Atakayetupima ni nani, Mwalimu?" Panzi akauliza.

"Mtaalamu wa hospitali. Shangazi yake Mrefu."

Panzi akamtupia jicho Mrefu, mrukaji wa akiba. Mrefu akatabasamu. Tabasamu la nini?

"Umeuona mchezo huo?" Panzi akamnong'oneza jirani yake wa dawati, aliyeitwa Redio kwa sababu mdomo wake haukuzimika. "Shangazi mtu atasema mimi mgonjwa, ili mtoto wa kaka yake aende Jumamosi."

"Ayaa! Na mashine ni yake, nani atabisha?"

"Mimi. Ngoja uone."

Upimaji ulifanyika maktabani. Meza ya kusomea iligeuzwa kitanda, na mashine yenyewe haikuzidi ukubwa wa mkoba. Akiwa kwenye foleni, Panzi alimwona mpimaji akimshika Mrefu bega na kumwambia jambo kwa sauti ya chini. Wanapanga, akawaza.

Zamu yake ikafika.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Panda hapa. Kuna mguu unaouma?"

Hapo Panzi akatega mtego wake. "Wa kulia," alisema, akikunja uso. "Unauma sana."

Hesabu yake ilikuwa hii: mguu wa kulia ulikuwa mzima kama jiwe. Mpimaji akisema una ugonjwa, basi amejianika mwenyewe.

Mpimaji alipaka jeli ya baridi, akatelezesha kifaa juu ya kifundo. Kwenye kioo cha mashine ukatokea mstari mweupe wa mfupa. Akarudia. Akamtazama Panzi usoni.

"Hapa panauma?"

"Hapo hapo."

"Ajabu. Mguu huu ni mzima kabisa. Sioni cha kuuma."

Panzi akabaki mdomo wazi. Mbona hakuidaka nafasi? Amewekewa mkononi!

"Sasa lete wa kushoto."

"Huo... huo hauna neno."

"Sisi hupima yote miwili ili tulinganishe. Ulete."

Kifaa kilipogusa tu, Panzi akauma mdomo. Kwenye kioo kikatokea kitu cheusi kilichotuna juu ya mifupa, na pembeni yake vidoa vyekundu vikimetameta.

"Hiki cheusi ni maji yaliyojaa kwenye kiungo," mpimaji alisema. "Vyekundu ni damu inayokimbilia penye uvimbe. Usiniamini mimi. Tazama mwenyewe." Akaziweka picha mbili pamoja. Upande wa kulia, weusi ulikuwa mwembamba kama uzi. Upande wa kushoto, mnene kama kidole.

"Kwa nini umenidanganya, mwanangu?"

Machozi yakamtoka Panzi. "Nilidhani utanisingizia, ili Mrefu aende."

Mpimaji akaweka kifaa chini. "Nitaandika nilichokiona, basi. Lakini kwa mwalimu utatangulia wewe, kwa mdomo wako."

Kutoka mezani hadi mlangoni, aliposimama mwalimu wa michezo, palikuwa na hatua kumi, na kila moja ilikuwa nzito. "Mwalimu," Panzi alisema, "mguu wa kushoto unaniuma. Wiki mbili sasa."

"Wiki mbili! Na mimi nakuongezea mazoezi!"

Jumamosi aliruka Mrefu, akawa wa nne. Panzi alikuwa pembeni akimpigia kelele, "Anza nyuma kidogo! Nyuma kidogo!" Walipokuwa wakirudi akajikaza, akasema, "Nilikudhania vibaya."

"Najua," Mrefu akacheka. "Redio alishatangaza shule nzima. Shangazi alikuwa ananionya nisicheze na viatu vilivyoisha soli, basi."

Baada ya wiki sita za kupumzika na mazoezi mepesi, Panzi akapimwa tena. Maji yalikuwa yamekauka, vidoa vyekundu havipo. Mwalimu wa michezo, aliyesimama kando ya meza, akavuta pumzi ndefu.

"Ungesema siku ya kwanza, ungepumzika siku chache tu," alisema. "Ulimchunguza Mrefu, ukamchunguza shangazi yake, ukautafuta uongo kwa kila mtu. Kumbe katika chumba kile mwongo alikuwa mmoja, na mguu ulioumia ulikuwa wake. Mwili wako ukikuambia kitu, tuambie na sisi. Haya, vaa kiatu."