Ukuta wa Tanuri

Kiwanda cha mikate kilikuwa na tanuri moja kubwa la matofali. Waliofanya kazi humo walikuwa weupe kwa unga, kuanzia kope hadi vidole vya miguu. Mwenye nguvu kuliko wote aliitwa Chuma. Jina hilo alipewa kwa sababu alibeba gunia la unga peke yake huku akipiga soga.

"Shemeji, pisha njia," alimwambia kaka wa mke wake, aliyefanya naye kazi. "Wanaume wanapita."

"Piteni, lakini msituangukie. Dada yangu bado anakuhitaji."

Watu wakacheka. Chuma akaweka gunia begani. Akajisukuma kwa mguu wa kulia ili apande ngazi ya stoo. Pa! Kitu kikampiga nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Akaenda chini pamoja na gunia.

"Shemeji! Mbona unanipiga teke?"

"Mimi? Mimi niko huku mezani!"

Chuma akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Pale kiwandani walikuwa na dawa yao. Aliyeumia bega, mgongo au goti aliegemezwa kwenye ukuta wa nyuma wa tanuri, ambao ulikuwa moto kutwa nzima. Kisha wenzake walimchua kwa mafuta ya kupaka kwenye trei.

"Mpelekeni ukutani!" mtu akapaza sauti.

Wakamburuta. Kisigino kikabanwa kwenye matofali ya moto. Shemeji akachua mpaka jasho likamtiririka.

"Lia tu, shemeji. Hatumwambii mtu."

"Chua, acha maneno," Chuma akasema, meno yameumana.

Mchana huo mguu ulikuwa umefura kama mkate uliozidi hamira.

Nyumbani mke wake aliinua suruali, akashtuka.

"Twende hospitali, mume wangu."

"Kwa mshipa uliovutika? Nichekwe mjini? Chemsha maji."

Mke akachemsha maji. Akakanda, akachua. Alifanya hivyo kila siku, kwa wiki kadhaa. Uvimbe ukapungua, lakini mguu ukakataa kutii. Chuma alitembea kama mtu aliyekwama matopeni. Kujisukuma hakuweza. Ngazi za nyumbani alizipanda kiubavu, ameshika ukuta.

Mwenye kiwanda akaja kumjulia hali.

"Chuma, nakuonea huruma. Lakini magunia yanalala mlangoni. Usipopona, itabidi nitafute mtu."

Kuanzia hapo Chuma akawa mkali. Watoto waliacha kucheza karibu naye. Alikuwa anawaza neno moja tu: mguu. Mguu ule ndio uliolisha nyumba.

Alasiri moja jirani yao, Mama Pacha, alikuwa akianika nguo. Alifanya kazi hospitali, akiwafundisha walioumia kutembea upya. Alimtazama Chuma akipanda ngazi kiubavu. Akaacha nguo kwenye beseni.

"Kaka, simama kwa vidole vya mguu huo."

Chuma akajaribu. Kisigino hakikubanduka.

"Siku ulipoumia ulisikia nini?"

"Kama teke. Nikamgombeza shemeji bure."

Shemeji mwenyewe alikuwa amekuja kuwatembelea. "Mpaka leo hajaniomba radhi," akasema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Wakaingia ndani alikokuwa mke. Mama Pacha akamlaza Chuma kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Akaminya kigimbi cha mguu mzima. Unyayo ukacheza. Akaminya kigimbi cha mguu mbovu. Unyayo ukatulia tuli.

"Minya tena," mke akaomba.

Akaminya tena. Tuli.

"Hapa juu ya kisigino pana kano," Mama Pacha akasema. "Ni kamba ngumu inayoshika msuli kwenye mfupa. Nadhani ya kaka imekatika."

Mke akaitazama mikono yake. "Na mimi niliichua kila siku."

"Hukujua, mwenzangu."

"Ningekwenda hospitali siku ileile je?" Chuma akauliza.

"Huenda wangekuvalisha tu kiatu maalumu cha kuushikilia mguu, kano ikaunga. Sasa daktari atakupima. Nahofia watapasua."

"Nitabeba gunia tena?"

Mama Pacha hakutaka kumdanganya. "Utatembea. La gunia siwezi kukuahidi."

Shemeji akakohoa.

"Kwani ukuta una ubaya gani? Bega langu lilipona palepale."

"Lilipona lenyewe, ukuta ukachukua sifa. Jeraha bichi huvuja damu ndani. Ukilitia moto na kulichua, linazidi kuvimba. Siku mbili tatu za kwanza, acha kazi. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika kumi na tano hivi, halafu pumzisha ngozi, kisha rudia. Funga bendeji, lakini vidole vikifa ganzi, legeza. Inua mguu juu ya mto. Maumivu yakipungua, anza kuuchezesha polepole."

"Na kama kimelia pa?" Chuma akauliza.

"Kikilia pa, au huwezi kukanyaga, au kiungo kimepinda, huna la kufanya nyumbani. Hospitali, siku hiyohiyo."

Chuma alipasuliwa. Alifungwa plasta ngumu, kisha kiatu cha hospitali, kisha akaanza mazoezi yenye maumivu. Mwenye kiwanda alimpa kazi ya mezani, kupima donge la kila mkate. Magunia alibeba mtu mwingine. Chuma aliyatazama yakipita, akarudi kwenye mizani.

Siku moja shemeji alivuta toroli la trei, akashika paja na kupiga ukelele.

"Ukutani!" wenzake wakasema, wakamkamata mabega.

"Mwacheni!" Chuma alisimama na fimbo yake. "Shemeji, kimelia?"

"Hapana. Kimevuta tu."

"Kanyaga. Kunja goti. Nyoosha."

Shemeji aliweza, kwa maumivu. Chuma akaagiza barafu duka la soda, akaifunga kwenye kitambaa. Walimlaza juu ya magunia matupu, paja limeinuliwa.

"Baridi hii itaniua!"

"Ufe ukiwa na miguu miwili."

Shemeji alipumzika, akafanya mazoezi ya Mama Pacha, akarudi kazini mzima. Tangu hapo barafu haikosekani kiwandani, na ukutani wanaanika vitambaa.

Mguu wa Chuma ulibaki mwembamba. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alishika ukingo wa meza nyumbani na kujaribu kusimama kwa vidole. Asubuhi nyingi kisigino kiliganda sakafuni.

"Leo je?" mke aliuliza asubuhi moja.

Chuma akakaza taya. Mguu ukatetemeka. Mke akapiga magoti, akasukuma vidole vya mkono wake chini ya kisigino. Vikapita.