Léa Hakusemaka "Watoto"

Siku Léa alipokufa kwenye barabara ya Kilwa, Katanga, lori alilopanda lililala ubavu katika matope, mwili wake ukarudishwa Lubumbashi, na kinasa sauti alichorekodia masomo yake ya shule hakikuonekana tena.

Miezi saba baadaye, Donat, mumewe, alipokea ujumbe wa maneno mawili kutoka kwa mkuu wake wa ujasusi.

*Kasungami. Sikiliza.*

Saa tano na nusu asubuhi alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa la shule ya Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi. Tablet ya mtoto mmoja ilisema:

"Watoto wazuri, baba zenu wanachimba katika shimo gani?"

Sauti ya Léa.

Donat aliingia ndani.

"Bijou," alimnong'oneza mwalimu, "huyu haiko Léa."

"Papa Donat, iko yeye! Hata kucheka kwake."

"Léa hakusemaka 'watoto', hata siku moja."

Masomo yale aliyatengeneza Léa mwenyewe, kwa watoto wasio na kitabu nyumbani. Walihesabu vinkubala, viwavi wale wanaouzwa sokoni, si matufaha. Ofisini walipotaka Kiswahili cha vitabuni badala ya 'batoto' wake, aliwacheka: "Mutoto wa huku akisikia 'watoto', anazania banaita batoto ba bengine."

Redio ya Motorola kiunoni mwa Donat ikakoroma.

"Mulenga anasikia," mkuu wake alisema.

"Chef, mashine imeiba sauti. Inauliza batoto mashimo ya baba yabo."



"Bale banunuzi ba kobalti toka inje. Majibu ya batoto yanatumwa kwabo saa sita. Wakiyapata, bantu ba bunduki batafika kule mashimoni mbele yetu. Wachimbaji bako chini, Donat."

"Nimesikia."

Bijou hakungoja kuulizwa. "Clément, fundi wa tablet. Karakana yake iko nyuma ya kanisa."

Prado ya Donat iliruka makorongo.

Saa sita kasoro dakika kumi. Teke moja, mlango chini, bastola ya Glock mbele. Clément aliinua mikono akitabasamu. Nyuma yake seva ilipepesa taa ya kijani.

"Mukubwa, polepole. Sauti na masomo yote iko humu. Nakala zingine nilishafuta. Ukizima hii ao ukikata mtandao, inajifuta yote: unamufuta bibi yako."

"Kinasa ulikipata wapi?"

"Kwenye lori. Mufu anafanya nayo nini?"

Kidole cha Donat kilikuwa kwenye kifyatulio. Akakiondoa.

Akamfunga pingu. Akaketi mbele ya seva, akafungua somo la kwanza.

"Batoto, muko bazima? Tuhesabu."

Huyu alikuwa yeye. Nyuma yake jogoo aliwika. Jogoo wa jirani yao. Moja. Mbili. Tatu. Donat alimwacha afike tano.

Dakika tatu zilibaki.

Akaizima seva.

Taa ikawa nyekundu, kisha ikazimika.

"Imekwisha, chef," Donat alisema redioni.

"Hakuna jibu lililotoka?"

"Hata moja."

"Na masomo?"

Donat alizima redio. Alimkabidhi Clément kwa polisi waliokuwa wanaingia, akavaa miwani ya jua, akaondoka kwa miguu bila kugeuka.

Masomo ya Léa yalikuwa mia moja na kumi. Bijou anayarekodi upya kwa sauti yake mwenyewe. Amefika la nne.