Pumzi Ndani ya Yakuti

Mama yetu mkubwa, ambaye ukoo mzima ulimwita Sonara kwa kazi yake, alifungua karakana asubuhi kama kawaida. Alifagia, akawasha taa ya mezani, akaketi. Alikuwa ametoka kumzika mdogo wake wiki ile ile na hakuwa amelia. Alikuwa kama mkono uliokufa ganzi: unauona ni wako, lakini huuhisi.

Mbele yake palikuwa na pete ya marehemu, yenye yakuti nyekundu. Vidole vilivimba hospitalini, ikabidi ikatwe ndipo itoke. Sonara alipaswa kuiunga, maana binti wa marehemu alitaka kuivaa siku ya harusi yake, Jumamosi.

Wazee walisema yakuti huwa nyeusi mwenye nayo akikaribiwa na hatari. Kabla ya kuugua, mdogo wake alimwonyesha kidole.

"Dada, mbona kito kimekuwa kama damu iliyoganda?"

"Nawa mikono. Mafuta ya jikoni hayo," alimjibu, wakacheka.

Alipomaliza kuiunga, alikijaribu kito kama alivyofundishwa na baba yake: akakipulizia pumzi ya joto. Kioo hukaa na ukungu. Yakuti ya kweli huufuta upesi. Ukungu ukatanda. Ukafutika. Vizuri.

Akaiweka mezani, akageuka kuchukua kitambaa.

Alipogeuka tena, ukungu ulikuwa umerudi.

Ukafutika. Ukatanda. Mfupi, mfupi, kisha mrefu. Sonara aliujua mwendo ule. Utoto wake wote alilala kitanda kimoja na pumu ya mdogo wake.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha baadaye.

"Mama mkubwa! Bado tu? Au unataka niolewe kwa pete ya bati?"

Binti aliingia akicheka, akaichukua pete, akaivaa kabla hajazuiwa.

"Ivue," Sonara alinong'ona.

"Jamani, mbona inanikaa vizu..."

Kito kikawa cheusi. Binti akashika kifua. Pumzi fupi. Fupi. Kisha ndefu, yenye mluzi. Hakuwahi kuugua pumu maishani mwake.

Sonara akavuta pete. Haikutoka. Akashika msumeno mdogo. Akakata pale pale alipounga.

Pete ikaanguka. Binti akavuta hewa.

"Mama alikuwa amenikumbatia," alinong'ona. "Haachii."

Alifunga ndoa kwa pete nyingine. Sonara alikitia kito kwenye chupa ya kioo, akaifunga, akaiweka kabatini. Tulipomwambia akitupe, hakuinua hata macho.

"Mdogo wangu huyo. Nimtupe wapi?"

Sasa naye hayupo. Chupa tunayo sisi, na hakuna anayeifungua. Kwa ndani, ukungu hutanda na kufutika: mfupi, mfupi, mrefu.

Na tangu tumzike Sonara, katikati yake huja mwingine, wa taratibu, kama wa mtu aliyelala upande wa pili wa kitanda.